Togwa ya Sufuria Kubwa

Mwanangu alipokuja likizo, hata viatu hajavua, aliingia jikoni akauliza kama ule mwiko mrefu wa mama yake bado upo. Nikamwambia upo, ila siku hizi naufukuzia panya nyuma ya friji. Hakucheka. Alisimama pale kati ya jiko na sinki, begi bado mgongoni, akasema, "Baba, nataka togwa. Siyo ya chupa ya dukani. Nataka ile ya mama."

Sasa mimi mtu wa Songea ukinitajia togwa umeshanimaliza. Lakini nilijua anachoomba siyo kinywaji. Mama yake, yaani mke wangu, tulimzika Songea, na miezi michache baadaye huyu binti, mtoto wetu wa pekee, akapata kazi ya kuuguza wazee huko nchi za baridi, akaondoka. Tangu hapo tumekuwa watu wa simu. Tunaangaliana kwenye kioo, yeye amejiviringisha skafu shingoni, mimi najipepea na gazeti, tunaulizana umekula nini. Nilikuwa nimemkumbuka mpaka nikawa napika wali wa watu wawili, halafu kesho yake nakula kiporo peke yangu. Kwa hiyo aliposema togwa ya mama nikajibu haraka haraka kwamba tutapika, tena sufuria kubwa. Ningemkatalia nini mtoto yule?

Togwa, kwa asiyeijua, ni uji uliogeuka. Unapika uji wa mahindi mzito kweli kweli, unakaribia ugali, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, halafu unatia kimea. Kimea ni unga wa ulezi ulioloweshwa, ukaachwa uote vijimizizi, ukakaushwa na kusagwa. Unakoroga. Na hapo ndipo penye maajabu, maana hujaongeza maji hata tone, lakini ule uji uliokuwa umeushika mwiko ukasimama wenyewe unaanza kulegea mbele ya macho yako. Unakuwa mwepesi, unanyweka, na sukari hujatia lakini ni mtamu. Ukiuacha ulale mpaka asubuhi unapata na uchachu kidogo kwa mbali.

Maajabu hayo mimi nayajua kwa jina. Nimefundisha baiolojia sekondari za hapa hapa Dar, na sasa nimestaafu nafundisha tuisheni sebuleni kwangu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Mbegu ya ulezi ikianza kuota inatengeneza vimeng'enya, na kazi ya vimeng'enya hivyo ni kukata wanga vipande vipande mpaka ugeuke sukari. Kimeng'enya chenyewe hakiliwi na kazi. Kikimaliza kukata hapa kinahamia pale, kinaendelea. Wanafunzi wangu walikuwa wanaelewa mpaka hapo, ila tukifika kwenye mchoro wa kasi, ule mstari unaopanda ukifika mahali unalala, wanagoma. Mwalimu, mbona unalala? Basi nilikuwa nafunga mlango, maana kufundisha kwa Kiswahili kulikuwa na maneno yake kule ofisini, nawaambia wafikirie lori la vitunguu limefika Kariakoo na makuli ni wanne. Magunia yakiwa machache, makuli wengine wanasimama tu. Ukiongeza magunia, kazi inachangamka. Lakini wote wanne wakishakuwa na gunia begani, hata ulete malori mengine kumi, magunia yanayoshuka kwa saa moja ni yale yale. Ukitaka kasi iongezeke hapo, tafuta makuli zaidi. Asiyeelewa nilikuwa namwambia akasimame Mtaa wa Msimbazi asubuhi, aangalie kwa macho yake, ila asije akagongwa na mkokoteni akasema mwalimu ndiye aliyemtuma.

Kimea Kariakoo kipo, lakini mke wangu hakuwahi kukiamini. Alikuwa anasema wanakianika juu ya mabati ya moto, kinakufa kabla hakijafika sokoni. Nikampigia mdogo wake, shemeji yangu, yuko Songea, akalowesha ulezi siku ile ile. Ila ulezi hauharakishwi. Mpaka ulowe, uote, ukauke kivulini, usagwe, na kifurushi kipande basi, likizo ya mwanangu yote ilikuwa inaliwa na ndugu. Leo Mbagala, kesho Tabata, keshokutwa sendofu ya kumuaga binamu anayeolewa. Mimi nilikuwa nampata jioni, amechoka, ananisimulia habari hadi katikati ya sentensi usingizi unamchukua pale kwenye kochi. Sikuwa nalalamika. Haya, nilikuwa nalalamika. Nilikuwa nataka watu wote wale wamwache, wanirudishie mtoto wangu nikae naye.

Kimea kikafika Jumamosi jioni. Ndege yake ilikuwa Jumapili usiku, na saa kumi alasiri alitakiwa awe ameshatoka nyumbani. Mimi nikapiga hesabu zangu. Shemeji alikuwa ametuma kimea cha kutosha, mfuko mzima, na kimea kikiwa kingi kazi inaenda mbio. Tukiamka mapema, saa tatu uji umepoa, tunatia, mchana majirani wanaingia na vikombe vyao. Haitakuwa imechachuka, lakini itakuwa togwa. Mwanangu akapita mlango hadi mlango kuwaalika. Alirudi anang'aa uso, na mimi nikajisikia mtu mwenye maana.

Sufuria tuliazima kwa jirani yangu wa mlango wa pili. Ni mama wa Kichaga, ana duka la jumla la vyombo kule Kariakoo, na sufuria zake ni zile za msiba na harusi, zinazobebwa na watu wawili. Mama huyu sijui nimwelezeje. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyehakikisha nakula. Alikuwa anagonga, anaingia kabla sijajibu, anaweka hotpoti mezani, ananiambia, "Mwalimu, kula, nitakuja kuangalia," na kweli alikuwa anakuja kuangalia. Hana kuuliza. Akiona kitu kinahitaji kufanywa, ameshakifanya.

Jumapili tukaamka gizagiza. Mwiko nilikuwa nimeusugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka ukabadilika rangi. Tukapika kwa zamu, mwanangu anakoroga mimi nashikilia sufuria, kisha mimi nakoroga yeye ananicheka nikihema. Uji ukaiva, ukawa unatokota ile ya kuruka na kuchoma mikono. Mwanangu akaenda kuoga. Mimi nikapunguza moto, nikaacha mlango wazi kama ilivyo siku ya wageni, nikashuka chini kununua maandazi ya chai. Mfuko wa kimea niliuacha mezani.

Niliporudi nikamkuta jirani jikoni, ametoka ibada ya kwanza, kilemba chake kizuri kichwani, ameshika mwiko kwa mikono miwili anakoroga kwa nguvu zake zote. Moto ameuongeza.

"Mwalimu, nimewaokoa," akasema bila kugeuka. "Uji unataka kushika chini na kimea mmekisahau mezani. Nimeshatia. Acha kichemke vizuri."

"Umetia chote?"

"Nimebakiza kidogo cha kunyunyizia juu."

Nikaweka maandazi mezani. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikasema kwa sauti ambayo haikustahili kwenda kwa mtu aliyetoka kanisani, "Jirani, umekiua."

"Kimea kinauawaje, Mwalimu?"

"Kwa moto. Kile kinachofanya kazi ndani yake hakistahimili kuchemka. Kikishachemka kinabaki unga tu."

"Mbona sisi kwetu tunakichemsha?"

"Ninyi mnatengeneza mbege. Sukari yenu iko kwenye ndizi. Sisi tunakitegemea kimea chenyewe kitutolee sukari."

Na ndivyo ilivyo. Mbege ni pombe ya ndizi, na kwao Kilimanjaro unga wa kimea unapikwa uji kabisa, unatokota, ukipoa ndiyo unachanganywa na ndizi zilizopikwa. Alifanya alichoona bibi yake akifanya, na mama yake, na yeye mwenyewe kila wakipeleka pombe kwenye posa. Mtu wa Songea asingefanya hivyo hata usingizini, na mtu wa Dar asingegusa sufuria isiyo yake. Ilibidi awe yeye.

Akazima gesi. Akaweka mwiko chini taratibu, akakaa juu ya ndoo ya unga, na nikaona macho yake yanajaa machozi. Hasira yote ikaniishia. Nikabaki namtazama mama mtu mzima, amevaa nguo za ibada, anajifuta macho kwa kona ya kilemba.

Mwanangu akatoka bafuni na taulo kichwani. "Shikamoo anti," akasema, halafu akatuangalia mmoja mmoja. "Nani kafa?"

Tukamweleza. Kwanza alicheka, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaingia, akainua mwiko, ule uji ukaanguka bonge, bonge, kama ulivyokuwa, na kicheko kikamkauka.

Jirani hakukaa tena. Akashika simu yake akawapigia Wachaga wote anaowajua mjini. Mwenye kimea alitajwa mmoja tu, lakini alikuwa kwenye ibada ndefu ya mavuno na simu yake imezimwa. Mimi nikatoka mbio kwenda Kariakoo. Ni karibu, lakini ile Jumapili niliiona mbali. Muuza kimea ninayemfahamu, mama mmoja wa Mbinga, siku hiyo hafungui. Meza yake ilikuwa imefunikwa turubai na kufungwa kamba. Nikazunguka vichochoro vilivyokuwa wazi, nikampata jamaa mmoja anauza nafaka, akanifungulia mfuko wa unga mwekundu. Nikachovya kidole, nikalamba. Unga wa ulezi wa kawaida, haujawahi kuota hata siku moja.

"Siyo kimea hiki," nikamwambia.

"Mzee wangu, si ulezi? Kimea ndiyo huo huo."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu wewe," nikasema, nikaondoka. Alinicheka, na mimi nisingekuwa na yangu kichwani ningecheka pia.

Niliporudi uji ulikuwa umepoa, vuguvugu safi, kiasi kile cha kutia kidole ukakiacha. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimea. Nikafungua mfuko, nikamimina kilichobaki mkononi. Kiganja kimoja. Kwa sufuria ya msiba.

Lakini mimi ni mwalimu, na hesabu hii ni yangu. Makuli wachache, magunia tele, kasi ndogo. Makuli huwezi kuwaongeza, basi punguza magunia. Nikamwambia mwanangu, "Chota bakuli moja tu la uji. Tunatia kiganja hiki chote humo. Kabla hujafunga sanduku, unakunywa togwa ya mama yako." Nilikuwa nimefurahi kweli. Niliona nimeshinda.

Alikuwa anachana nywele zake, akaacha chanuo humo humo kichwani.

"Hapana, baba."

"Kwa nini hapana?"

"Togwa ya bakuli nimeshatengeneza."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikatamani ningekuwa sijafungua mdomo. Mke wangu alipokuwa anaumwa, koo lilikuwa halipitishi kitu. Uji mwepesi wa maji ulikuwa haumpi nguvu, mzito haupiti. Ni huyu mtoto aliyefikiria. Alikuwa anapika uji mzito, bakuli moja, anatia kimea kingi, muda wa kuchemsha chai tu unakuwa umelegea, na anamnywesha mama yake kijiko kwa kijiko. Chakula chote kiko mle mle, ila kimekuwa chepesi. Kila jioni bakuli moja, hadi jioni ambayo bakuli lilibaki limejaa. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni. Nilikuwa siwezi kuingia.

"Nikinywa ya bakuli leo nitakuwa nakunywa ile," mwanangu akasema. "Nataka ya sufuria, baba. Ya kabla hajaumwa. Mlango wazi, watu wanaingia wanatoka, mama anagombana na wanaochota kabla haijakaa sawa. Hiyo ndiyo niliyoikumbuka huko."

"Haitawahi, mwanangu. Kiganja hiki kazi kitaimaliza, sina wasiwasi. Hakichoki. Lakini polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Sijui. Sijawahi kupika togwa ya hivi."

Akachukua mkono wangu, ule wenye kimea, akaupeleka juu ya sufuria. "Basi tia," akasema. "Tutaisubiri."

Nikatia. Akakoroga mpaka chini kabisa, tukafunika, tukaizungushia blanketi ili joto lisitoke, maana ikipoa sana kazi inazidi kulala. Kisha tukavuta viti, tukakaa kila mtu upande wake wa sufuria. Majirani walioalikwa wakafika na vikombe vyao. Tukawapa chai na maandazi, tukawaambia bado, wakakaa, wakapiga soga, wakaaga mmoja mmoja. Jirani wa vyombo alikuwa anachungulia kila baada ya muda mfupi, haulizi kitu, anaangalia blanketi, anaondoka.

Sijawahi kuwa na siku niliyoitaka namna ile. Sanduku lake lilikuwa wazi chumbani, nguo ziko kitandani, na hakuna aliyelisogelea. Alinitaka nimchoree mstari wangu, nikauchora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, nikamwonyesha tuko wapi, huku kwenye kulala, kila kimeng'enya kina kazi yake na foleni ni ndefu.

"Kwa hiyo hata tungepika sufuria mbili isingeongezeka kasi?"

"Isingeongezeka hata chembe."

"Ulikuwa mwalimu mzuri, baba. Nilikuwa naona aibu kukaa darasani kwako, lakini ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa naficha uso."

Akaniambia nihamie kwake. Nikamuuliza nikafanye nini huko, niwafundishe na makuli wangu? Akasema kule mizigo inashushwa na mashine. Nikasema basi mitihani yao itakuwa migumu. Akaniuliza kama nalala vizuri, nikamwambia nalala. Nikamuuliza anakula nini kweli, siyo anavyoniambia kwenye simu, akasema mkate. Halafu nikamuuliza atarudi lini. Akafunua blanketi akakoroga kwa muda mrefu.

"Sijui, baba," akasema. "Nikisema tarehe nitakudanganya."

Kila alipofunua nilikuwa nachungulia, maana nilitaka ilegee. Nilitaka aondoke ameinywa. Na papo hapo nilikuwa naona kwamba isipokuwa tayari hainuki pale kwenye kiti. Nikajikuta naomba mambo mawili yasiyopatana, kama mtoto. Nilikuwa namuona mama yake usoni kwake, hasa akiinama, na nilikuwa nimemkumbuka mama yake. Nikamwambia hivyo hivyo. "Namkumbuka mama yako." Akasema, "Najua." Tukaendelea kukaa.

Saa kumi kasoro dereva wa taksi akapiga simu kwamba yuko chini na askari wa maegesho wanamsumbua. Ndipo tukakimbilia chumbani kusukumiza nguo sandukuni. Mwanangu akarudi jikoni amevaa koti tayari, joto lote lile, akafunua sufuria kwa mara ya mwisho. Akainua mwiko. Uji haukuanguka bonge. Uliteremka, mzito, unajivuta, lakini uliteremka.

"Umeanza," nikasema.

Akalamba ncha ya mwiko. Nikamtazama mdomo.

"Bado ni uji," akasema, akatabasamu, akanirudishia mwiko.

Uwanja wa ndege hawakuruhusu nivuke pale mlangoni. Alinikumbatia na koti lake lile nene, akaniambia nile, akaniambia nisipande ngazi mbio, akaingia. Aligeuka mara moja. Nikasimama pale mpaka watu wa ulinzi wakaniuliza mzee unasubiri nani. Nyumbani nilipita jikoni bila kuwasha taa. Sikutaka kuiona ile sufuria.

Asubuhi niliamshwa na njaa. Nikaenda kuchemsha maji ya chai, na nikasema ngoja nimwage ule uji kabla haujanuka, nimrudishie jirani chombo chake. Nikatoa blanketi. Nikaingiza mwiko, na mwiko ukazama hadi chini kwa uzito wake wenyewe.

Ilikuwa imelegea yote. Sufuria nzima, hadi chini kabisa. Nikachota kikombe, nikanywa nimesimama, na ilikuwa tamu, na ule uchachu kwa mbali, na hata ule ukakasi mdogo wa ulezi unaobaki nyuma ya ulimi. Ilikuwa yenyewe. Ilikuwa ya mke wangu. Nikalia, mtu mzima, kikombe mkononi, na sikuona haya maana hapakuwa na mtu.

Nikagonga mlango wa pili. Jirani alikuwa anamalizia mahesabu yake kwenye simu, karibu atoke kwenda dukani. Akaja, akaonja, akaziba mdomo. Kisha akafanya anachokifanya siku zote, hakuuliza, akaenda kugonga milango yote ya jengo. Kufumba na kufumbua jikoni kwangu kumejaa watu. Wameleta vikombe, wameleta majagi, mmoja ameleta na dumu. Mlango uko wazi, wanaingia wanatoka, wanasukumana pale kwenye sufuria, na jirani amesimama na mwiko anagombana nao wasichote mpaka chini.

Simu ikaita. Alikuwa mwanangu, yuko kwenye uwanja wa nchi nyingine anasubiri ndege ya pili. Sauti tu, bila picha. Nikashukuru.

"Kuna kelele, baba. Nani hao?"

"Wanafunzi wa tuisheni."

"Asubuhi yote hii?" Kisha akauliza, "Togwa imekuwaje?"

Jirani alinisikia, akainua mkono. Jikoni kukawa kimya.

"Imegoma," nikasema. "Imebaki uji mtupu. Nimeimwaga."

Nikamsikia anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali," akasema. "Njia nzima nilikuwa nawaza nimeikosa kwa masaa machache tu."

"Hujakosa kitu, mwanangu. Nenda, usije ukaachwa na ndege."

Akaniambia nile. Nikamwambia nitakula. Watu wote mle jikoni walikuwa wamesimama na togwa midomoni, wananisubiri nikate simu ndipo wameze.